Dakika za mzee ndani ya programu yangu

Leo programu yangu mwenyewe imeniliza, jamani.

Niliitengeneza kwa ajili ya wakulima wa alizeti wa kwetu Misigiri. Baba yangu ndiye alikuwa akipokea magunia na kuingiza jina la kila mkulima kwenye kompyuta.

Nikaweka ndani yake laibrari nyepesi, yaani kijiprogramu kilichoandikwa tayari, ya kupimia muda (wenzangu wa kompyuta mnazijua), nione programu inatumia muda gani kwa mkulima mmoja.

Majibu yakawa aibu tupu. Dakika sita. Dakika tisa!

Msimu mzima nikahangaika kuiharakisha. Nikampigia baba kumwomba radhi. Akasema, "Mbona mimi sioni ikichelewa, mwanangu?"

Tulimzika mwezi uliopita. Sasa anayeingiza majina ni binti wa jirani.

Leo nimeangalia vipimo vyake. Sekunde ishirini. Kumi na nane. Na programu sijaigusa!

Nikampigia.

"Kaka, mimi naandika jina tu. Mzee alikuwa akishafungua ukurasa wa mtu, anaanza kumsalimia. Nyumbani, watoto, ng'ombe, mvua. Mpaka yaishe ndiyo aandike."

Kumbe saa niliiweka mahali pabaya. Ilianza kuhesabu ukurasa ukifunguka tu.

Kurekebisha ni kuhamisha mstari mmoja wa programu. Nimeshindwa.

Nimebaki na salamu za baba za msimu mzima, zimepimwa kwa sekunde. Kuna moja ya dakika ishirini na mbili; vipimo havitunzi jina la mtu.

Kama ni wewe uliyesalimiwa siku hiyo, tafadhali niandikie hapa. Mliongea nini?