Mikorosho ya Mama Mkwe na Mafuta ya Saudia

Mwalimu Wenceslaus aliujua ugonjwa wake: hakuweza kusikia habari ya mafuta ghafi redioni bila kuitolea mhadhara. Alizaliwa Bukoba, akasomea Jiografia, serikali ikampanga sekondari Nachingwea. Darasani wanafunzi walimsinzilia. Lakini kwenye kijiwe cha kahawa jirani na stendi, watu wazima walimnunulia kikombe cha pili ili aendelee.

"Marekani ndiye anayechimba kuliko wote sasa," angesema, kikombe kikining'inia hewani. "Anapasua miamba yule! Kawapita Saudia, kawapita Warusi. Mwingereza visima vyake vya baharini vimezeeka. Angola na Nijeria hawana tena nguvu zile. Ila Guyana, jamani, juzi tu hawakuwa na kitu, leo wanamwaga!"

"Guyana ndiyo wapi, Waziri?"

"Juu ya Brazili."

"Na sisi?"

"Sisi tuko kijiweni."

Walimwita Waziri, naye aliupokea uwaziri huo kwa unyenyekevu wa uongo.

Mkewe, Scholastika, alikuwa muuguzi, mzaliwa wa Mandawa, upande wa Ruangwa. Kwa desturi ya kwao, mkwe hupewa kazi ya ukweni, na mama mkwe, Bibi Magreti, alikuwa amemkabidhi mikorosho yake aitunze. Desturi hiyohiyo iliwakataza wawili hao kutazamana usoni wala kusemeshana. Kwa hiyo Bibi Magreti, akiwa na neno kwa mkwewe, alimwambia kuku. Mwaka ule kuku alikuwa ameshaambiwa kwamba mikorosho ikiharibika, itahamia kwa Geofrey, mume wa binti mdogo, ambaye hana redio.

Msimu wa maua ukafika. Mikorosho hutaka kupuliziwa unga wa njano wa salfa mapema, kabla ugonjwa wa ubwiriunga haujayavamia maua kwa vumbi lake jeupe, na bomba la mota, lile la kubebwa mgongoni, hunywa petroli. Salfa ilikuwepo. Bomba lilikuwepo. Ndipo redio ikatangaza kwamba nchi za OPEC na wenzao wanafungua bomba walilokuwa wamelibana.

"Tungoje," Wenceslaus alimwambia mkewe. "Mafuta yanajaa sokoni. Bei mpya ikitangazwa, itaanguka."

"Baba Doris, maua yameshatoka."

"Saudia nao wanatoa."

"Saudia wanajua kama maua yetu yametoka?"

Hakuishia nyumbani. Alipopita Mandawa alimshauri na Twaha, muuza petroli ya chupa, asiagize mzigo. "Utanunua ghali, uje uuze rahisi." Twaha, mtu anayeheshimu elimu, hakuagiza.

Bei mpya ikatangazwa, na haikuwa imesogea hatua ya maana. Kilichomchoma Wenceslaus ni kwamba sababu yake alikuwa ameifundisha mwenyewe, kidato cha tatu, kwa mchoro wa rangi: mafuta yakinunuliwa leo, hukaa wiki na wiki njiani mpaka yafike Dar, ndipo yaanze safari ya kuja Kusini. Alikuwa ameipigia hesabu dunia nzima akaisahau meli.

Siku ya pili simu ikaja kutoka Mandawa: vumbi jeupe limeshatapakaa kwenye mikorosho ya juu, karibu na kichuguu.

Aliondoka Nachingwea alfajiri, maana salfa hupuliziwa kukiwa na umande, upepo haujaamka. Vituo vya mafuta vilikuwa bado vimefungwa. Haidhuru, alijiambia, kidumu kikigongagonga kwenye pikipiki, Twaha yupo.

Twaha alikuwepo. Chupa zake pia zilikuwepo, zimepangwa mezani, safi, tupu.

"Nijazie kidumu, kaka."

"Nikujazie nini? Si uliniambia ningoje?"

"Nilisema usijaze sana."

"Ulisema Guyana inamwaga, Mwalimu. Basi mimi nimekinga. Bado haijanifikia."

Wenceslaus akaingia uani kwa Bibi Magreti ameinamisha kichwa. Bibi akampa mgongo, akawa anamwaga pumba.

"Wewe kuku," alisema. "Hivi hao Saudia wanalima korosho?"

Kuku alidonoa pumba. Wenceslaus naye alikatazwa kujibu, na kwa mara ya kwanza aliishukuru desturi.

Akatafuta kipande cha mpira, akakitumbukiza kwenye tangi la pikipiki yake, akanyonya. Funda la kwanza likapita kooni. Miaka yote aliyoihubiri bidhaa ile, hakuwahi kuionja. Akatema, akakohoa, akakinga kilichobaki, akachanganya na oili, akalibeba bomba mgongoni. Alipulizia kuanzia chini, kisimani, safu kwa safu, mpaka injini ikakohoa kama yeye, ikanyamaza. Mikorosho ya chini ilikuwa imepata dawa. Ile ya kichuguuni haikufikiwa. Na hata ingefikiwa, maua yake yalikuwa yameshakauka, meusi kama yaliyochomwa moto.

Alirudi uani akiwa wa njano tangu nywele mpaka viatu. Bibi Magreti alikuwa amemshika kuku yule, amemfunga miguu.

"Kuku," alisema, "ya kichuguuni atachukua Geofrey. Ya chini abaki nayo huyu mwenye redio. Na wewe nenda naye, apate wa kumhutubia, watu wapumzike."

Wenceslaus alimning'iniza kuku kwenye usukani, akaanza kuisukuma pikipiki kavu kwenye vumbi la kuelekea Ruangwa. Kijana wa bodaboda, msikilizaji wake wa kijiweni, akampita, akageuka kumtazama.

"Waziri! Saudia wamefunga tena?"

"Wamefunga!" alijibu. Angesema nini kingine?

Kwenye kilima cha kwanza alisimama kuvuta pumzi. Kuku alimkodolea jicho moja, ametulia, kama mtu anayesubiri kuelezwa. Wenceslaus alijaribu kujizuia. Alijaribu kweli.

"Kosa langu lilikuwa meli," alimwambia. "Lakini ukiitazama Brazili..."