Mikono ya Mama Tela

Mama Tela alikuwa ameendesha lori la tela miaka kumi na tisa, na miaka hiyo yote alikula, akalala na kulia ndani ya kibanda cha dereva ambamo hata kunyoosha miguu ni shida. Ndiyo maana alipofikisha arobaini na moja alijiandikisha urubani. Madereva wenzake walicheka mpaka wakashika mbavu. Walimuuliza, tairi likipasuka huko juu ataweka jeki wapi? Yeye alitaka kutoka kibandani, basi. Siku ya jaribio ilipofika, alitakiwa kutua mara tatu peke yake, mwalimu akimtazama kutoka pembeni mwa uwanja. Akifaulu, siku ya kuachana na lori ingeanza kuonekana.

Kosa lake lilijulikana. Ndege ndogo ikishagusa ardhi huelekezwa kwa miguu, kwa pedali. Usukani hauigeuzi hata kidogo. Lakini mikono ya Mama Tela ilikuwa na kiherehere. Kila walipotua pamoja, mwalimu alimgonga vidole na kumwambia, "Chini ni miguu, mama." Sasa kiti cha mwalimu kilikuwa kitupu.

Mara ya kwanza alitua vizuri, na ya pili pia. Mara ya tatu magurudumu yaligusa, kisha pua ikaanza kwenda kushoto, taratibu tu. Mama Tela akakata usukani kulia. Ndege haikumsikia. Akakata zaidi, miguu imetulia tuli juu ya pedali, utadhani si yake. Ndege ikatoka njiani, gurudumu la mbele likaingia mtaroni, na kufumba na kufumbua ikapinduka tumbo juu.

Alijikuta ananing'inia kichwa chini, mkanda umemkaba tumbo na mabega, mlango umepinda na haufunguki. Mafuta yalikuwa yanadondoka mahali fulani nyuma yake. Harufu ile aliijua. Alishaona malori yakiteketea na dereva ndani. Mkono ukaenda moja kwa moja nyongani, ukabonyeza. Wapi! Akabonyeza tena. Mkanda wa lori hufunguliwa pale. Wa ndege una kibati cha kuinua, katikati ya tumbo, na kibati hicho alikuwa amekiinua mara chungu nzima bila tabu yoyote. Leo kila alipouamuru mkono uende tumboni, ulirudi nyongani.

Mwalimu alifika akihema, akavunja kioo cha dirisha kwa mtungi wa kuzimia moto. Alimwelekeza, akarudia, na Mama Tela akaitikia kila mara kwa heshima zote huku akiendelea kubonyeza ubavu wake mwenyewe. Mwishowe mwalimu alipenyeza mkono, akamshika kiganja kama anayemfundisha mtoto kushika kalamu, akakipeleka tumboni, wakainua pamoja. Alianguka kwa kichwa, akaburutwa nje kupitia dirishani.

Walikaa kwenye nyasi, mbali. Ndege haikuwaka. Mwalimu, ambaye alimpenda mwanafunzi huyu kwa bidii yake, alitoa daftari akasema upepo wa ubavuni ungemshinda yeyote. Ataandika hivyo, na wiki ijayo wajaribu tena.

Mama Tela alitamani kukubali. Alitamani mno, na mtu asimlaumu kwa hilo.

"Upepo haukuwepo, mwalimu," alisema. "Nilikuwa naendesha lori. Hata mkanda niliokuwa nafungua ni wa lori."

Mwalimu akafunga daftari.

"Basi mama, sikupi ndege peke yako mpaka uache lori. Mwaka mzima, usiguse usukani wake."

Aliitika, akamshukuru kwa kumtoa. Hakumwambia kwamba lori ndilo lililokuwa likimlipia masomo. Asubuhi iliyofuata, shingo ingali inamuuma, alipanda kibandani na kujifunga mkanda. Safari ilikuwa ya siku sita.