Mutoto Niliyebeba Kanisani

Rafiki yangu, wewe sikufiche kitu. Kijana wangu iko Bulaya, amepata mutoto wa kwanza. Bibi yake, mama ya mutoto, akienda ku kazi, ye njo anabaki naye. Juzi alinipigia video, karibu alie: "Mama, mutoto hanyamaze! Nifanye nini?"

Nikafunga mufuko wa unga na kikwembe ku mugongo. "Papa, mwanangu, angalia. Inama, kaza hapa, tembea ukiimba." Akabeba wake, tukatembea, ye kule, mimi huku, mpaka ngoma ya kanisa ikalia. Nikakata telefone, nikakimbia. Mugongo uliozoea watoto haukunikumbusha kitu.

Wamama wakapiga vigelegele: "Mama, Mungu amekupa!"

Nikafikiri wamesikia habari ya mujukuu. "Amenipa kweli!"

"Na ulificha tumbo wapi?"

Kabla nijibu, pasta akaniita mbele abariki mutoto. Akafungua kikwembe: mufuko ukafunguka, unga ukamwagikia suti yake yote!

Haya ilinikamata. Telefone ikaita, foto imeingia: mujukuu amelala ku mugongo wa baba yake. Nikamuonyesha pasta; akajipangusa, akaweka mukono juu ya telefone: "Basi, tubariki huyu."

Wewe unayesoma, umupelekee kisa hiki kila baba anayelea mutoto mbali na mama yake mwenyewe.