Ardhi Inywe Kwanza

Kitu cha kwanza ulichokigundua kwa Bisimwa ni usikivu wake. Kabla hajautoboa udongo aliugonga mara mbili kwa ncha ya mtaimbo, akainamisha kichwa na kusikiliza, kama mtu anayebisha hodi kwa jirani mwenye hasira.

Ijumaa ile, pale mtaani Kisugu, jirani hakuitika. Ardhi ilikuwa kokoto nyekundu tupu, imeshikana kama tofali. Bisimwa, mzaliwa wa Bukavu kule Kongo, alikuwa kwenye tundu la kumi na tisa kati ya ishirini na sita, na bega lake lilikuwa limekufa ganzi tangu asubuhi. Matundu yalikuwa ya nguzo za uzio wa shule ya chekechea ya Ayot, askari polisi mstaafu. Mkaguzi angefika Jumatatu. Bila uzio, shule isingefunguliwa. Na humo Ayot alikuwa amemwahidi Bisimwa nafasi ya bintiye, Victoire, aliyekwisha kukataliwa na shule mbili kwa kukosa karatasi.

"Papa Victoire!" Ayot aliita kutoka barazani. "Chimba shimo kubwa mara moja, tusimamishe nguzo. Hivyo vitundu vya panya ni vya nini?"

"Afande, hii udongo haipendi nguvu. Unaitoboa kidogo, unaipa maji, unaacha inywe. Kesho inafunguka yenyewe."

"Na makaburi kwenu mnachimba hivyo? Maiti si ataoza akingoja!"

Bisimwa alicheka kwa kuguna, akamimina maji. Yalisimama tunduni yakimtazama, kisha yakaanza kuzama polepole.

Alipofika la ishirini na mbili, Ayot aliita tena. "Acha kazi kidogo! Kuhusu mtoto tutaongea baadaye. Kwanza kuna bongo."

Mtaimbo ulimponyoka. Kwao Bukavu, bongo ni uongo.

"Bongo, Afande? Matundu yote haya, ilikuwa bongo?"

"Baridi kabisa! Nimekuwekea kikombe kikubwa."

Alikuja nacho mkononi, kimejaa maziwa ya mgando. Bisimwa akakitazama, akamtazama yeye.

"Hii ndiyo bongo?"

"Sasa wewe ulitaka bia?"

Akaketi chini palepale, akacheka hadi bega likamuuma. Alipomweleza maana ya neno hilo kwao, Ayot alipiga makofi. "Kumbe kwenu Wakongo, sisi tunakunywa uongo! Kunywa, bwana. Mtoto nimeshamwandika. Nilitaka kuuliza tu kama anapenda uji."

Jua liliposhuka, matundu yote ishirini na sita yalikuwa yakinywa. Jumamosi angeyapanua, Jumapili asimamishe nguzo. Nyumbani hakuweza kuinua mkono kuvua shati. Mkewe, Perpétue, alimvua.

"Papa," Victoire aliuliza, "mkaguzi anakuja lini?"

"Bado kulala mara tatu."

Nje kulikuwa bado na mwanga. Mtoto akakimbilia mkekani, akajifunika hadi kidevuni, akafumba macho kwa nguvu ili mara ya kwanza ianze.