Subiri Kidogo, Kuna Mtu

Jina lake la kwenye cheti walilijua watu wa mishahara tu. Uwanjani kote, kuanzia wafagizi mpaka marubani, aliitwa Subiri, na jina hilo alilipata kihalali. Kazi yake ilikuwa kupokea abiria na kupima mizigo yao, lakini kila ndege ilipowasha injini ungemkuta ameshika redio ya mkononi, anamwambia rubani, "Subiri kidogo, kuna mtu." Mara ni mama mwenye mtoto mgonjwa, mara bwana harusi aliyesahau pete, mara mzee anayeletwa na gari bovu. Rubani atanung'unika, atauliza kama hii ni ndege au teksi ya shangazi yake, lakini atasubiri.

Shirika lenyewe lilikuwa mali ya nchi, na tusidanganyane, lilikuwa linatia aibu. Lilikuwa na ndege mbili: moja inaruka, nyingine inatoa vipuri. Ratiba ilikuwa pambo la ukutani. Nauli ilikuwa ya kukata maini, na vile viti vya nusu bei walivyoahidiwa wafanyakazi vilikaliwa na wakubwa na wake za wakubwa. Mama yake Subiri aliishi mji wa mbali, kule ndege ilikogeuzia, na hakuwahi kuipanda hata mara moja. Alikuwa akiisikia ikipita juu ya bati lake, anawaambia majirani kwamba mwanawe ndiye anayeiruhusu kuondoka.

Ndipo ikaja sheria ya kuziruhusu kampuni za nje kumiliki ndege za safari za ndani na kushindana na shirika la nchi. Kantini ikagawanyika. Wabeba mizigo waliogopa kupunguzwa. Rubani mmoja mkongwe alisema tunauza nyumba huku tumelala ndani yake. Subiri alikuwa upande wa wageni, wala hakumung'unya maneno.

"Mimi sijali ndege ni ya nani," alisema. "Nataka mama yangu apande kabla hajafa."

Wageni wakaingia, na shirika la nchi likafa kifo cha mende. Nauli zilishuka mpaka wauza nyanya wakaanza kubishana nani akae dirishani. Subiri aliajiriwa na kampuni mpya, akashonewa sare, akapewa kazi ya kuwafundisha wapokea abiria wa vituo vya mbali. Somo lilikuwa fupi: nauli ya chini inatokana na ndege isiyokaa chini. Kwa hiyo kaunta ikifungwa imefungwa, hata akija nani. Aliwaambia kwa kicheko kwamba neno "subiri" limefutwa kwenye kazi hii. Hakuna aliyejua kwamba anajicheka mwenyewe, maana kwao yeye alikuwa Mwalimu.

Mama akaugua kifua. Daktari wa kule alisema apelekwe hospitali kubwa haraka, na Subiri akanunua tiketi siku hiyo hiyo bila kumpigia mtu magoti. Aliwashukuru wageni kwa moyo wake wote. Mdogo wake wa kiume, fundi baiskeli, ndiye angemleta. Njiani gari likapasuka tairi, na la akiba halikuwa na upepo. Fundi mzima wa magurudumu akabaki ameshika kichwa kando ya barabara.

Alimpigia Subiri, dada yake, simu akiwa anahema. Wamefika, alisema, ila kaunta imefungwa. Ndege wanaiona, ngazi bado iko mlangoni. Subiri akaomba apewe binti wa kaunta.

"Binti, huyo ni mama yangu. Mwambie rubani asubiri kidogo."

 Binti akasema, kwa sauti ya mtu anayeumia kweli, "Mwalimu, si ulituambia hata akija nani?"

Subiri alimjua rubani wa zamani kwa jina, kwa kikohozi, hata kwa watoto. Wa sasa hakumjua kabisa. Tena alijua kwamba binti akifungua, kesho hana kazi, kwa kuwa hilo nalo alilifundisha yeye.

"Ndiyo," alijibu. Neno hilo ndilo lililomtafuna baadaye kuliko mengine yote.

Safari iliyofuata ilikuwa kesho yake. Mama hakuiona hiyo kesho.

Subiri alikwenda mazikoni kwa ndege ile ile, kwa nauli ile ile nafuu, na iliondoka kwa wakati. Alilia njia nzima. Angependa kuwachukia wageni, lakini alijua kwamba bila wao mama asingekuwa na tiketi ya kuchelewea.

Baada ya maziko, mdogo wake alimsimulia wakiwa wawili jikoni, wanaosha vikombe. Alisema mama hakuhangaika hata kidogo. Alikaa kwenye benchi, akajipaka mafuta mikononi, akawatuliza watu waliokuwa wakimwonea huruma. Aliwaambia mwanawe anaitwa Subiri, na ndege hiyo haiondoki mpaka yeye aseme. Hata ngazi ilipoondolewa, mama alitabasamu tu. Ndege ikageuka, ikakimbia, ikapaa, naye akaisindikiza kwa macho mpaka ikapotea.

"Masikini mwanangu," alisema. "Leo hakwenda kazini."