Bilulu

Juzi mwanangu alinisomea kitabu chake cha historia: wakati wa machafuko, Wakasai, yaani watu wetu, walirudi kwao. Nilimnyang'anya kitabu.

Kwao wapi? Baba alizaliwa kule kule Lubumbashi, na mimi pia. Hatukurudi popote, tulifukuzwa!

Alasiri ya kufukuzwa, nikiwa bado mtoto, nyumba nzima ilinuka mboga ya sombe iliyoungua, maana mama alikuwa akifunga mizigo, amesahau jiko. Barabarani vijana waliimba, "Bilulu batoke! Bilulu batoke!" Kwetu bilulu ni wadudu. Basi nilishika ufagio nikaanza kuwapiga mende wa jikoni, huku nikiitikia wimbo wa vijana kwa furaha.

Mama alininyang'anya ule ufagio.

"Acha, mutoto wangu. Bilulu njo sisi."