Khanga Juu ya Tundu

Mama anayetembeza wageni kwenye makumbusho yetu hapa Maskati hapazi sauti. Akikasirika hukunja mikono ya baibui hadi kwenye viwiko, na siku hizi anashinda ameikunja. Ana haki. Tumeletewa jeneza la jiwe la Wakristo wa Roma ya kale, la mtoto wa kike: pembeni pamechongwa mchungaji kabeba kondoo, katikati sura ya marehemu, ambayo fundi hakuimaliza. Basi wakubwa wametengeneza mfano wake wa mbao na kutoboa tundu penye sura, wageni waingize vichwa vyao wapigwe picha wakichekacheka. Kila asubuhi mama huyu hulifunika tundu kwa khanga. Kila asubuhi meneja huivuta.

Jana meneja kamuuliza, “Mama, maiti wa Kirumi, tena Mkristo, akuhusu nini?”

“Kwetu mwanamke akiteremshwa kaburini hushikiwa shuka juu, watu wasimchungulie. Nyinyi mmemtobolea dirisha.” Akampa ncha moja ya khanga, mwenyewe akashika ya pili, akamkazia macho. “Mamako si ulimshikia juzi? Haya, shika.”

Meneja akashika.